Karafuu Katika Mashine ya Mahindi

Viungo vya keki natengeneza mwenyewe. Madukani vipo, kwenye vipakiti vya rangi vinavyoletwa kutoka Arusha, na kila Desemba binti yangu huniuliza kwa nini najitesa. Nikivinusa vile vipakiti nasikia mdalasini wa mwaka juzi na unga wa kitu kingine ambacho aliyevifunga hakutaka kukitaja. Mimi ni mtu wa hasira ndogondogo, na mojawapo ni hasira ya kuuziwa harufu iliyokwisha.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira tu, na subira ndiyo niliyonyimwa. Iliki naimenya moja moja, nachukua zile mbegu nyeusi za ndani, maganda yanabaki ya chai. Mdalasini nauvunja kwa mkono. Tangawizi huwa nimeshaikausha juani wiki nzima. Kungumanga nakwangua kwa upande mkali wa kisu, na hiyo haiguswi na moto. Vingine vyote napasha kwenye sufuria kavu, moto mdogo, nikivigeuza bila kuacha, na hapo jicho halina kazi, kazi ni ya pua. Ukingoja rangi ibadilike umeshachelewa. Kisha natwanga, nachekecha, makapi yaliyobaki narudia kuyatwanga, na unga wake naufunika ulale usiku mmoja vijuane.

Vipimo ni hivi: vijiko vitatu vya mdalasini, viwili vya iliki, kimoja cha tangawizi, nusu ya kungumanga, na robo ya karafuu. Robo. Aliyenifundisha alinishika kiganja aliposema neno hilo. Alisema karafuu ni mgeni mwenye sauti kubwa: akija mmoja nyumba inachangamka, wakija watatu wenyeji wanahama. Keki ikikaa sawa, anayeila hawezi kusema amekula nini. Anasema tu ni tamu na anaomba kipande kingine.

Huyo aliyenifundisha alikuwa mke wa mwenye duka, jirani yetu pale Katesh nilipokulia. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye yale mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, mama alikuwa na wadogo zangu wa kubeba, na mimi nilishinda zaidi nyuma ya duka la jirani kuliko kwetu. Wao Waislamu, watu wa asili ya Kondoa. Sisi Wairaqw, Wakristo, tuliokaa mjini mpaka Kiiraqw changu kikawa cha kuazima. Ikikaribia Idi mama yule alinikalisha kwenye kigoda na sinia la iliki mapajani. Alikuwa na kinu kidogo cha shaba ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitwangia kitu kingine chochote. Keki tulioka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Krismasi ilipofika alikuja kwetu na viungo vyake akamsaidia mama.

Niliolewa Tlawi, juu huku Mbulu, miaka ile ambayo bado tulihesabiwa Mkoa wa Arusha na Manyara lilikuwa jina la ziwa tu. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa, mitumba ikapanda milima, na mwenye pesa kidogo aliweza kuleta lori, mashine, chochote. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule kule Masieda, akirudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Siku tano za katikati nilikaa na mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mrefu, asiyepandisha sauti. Mtaa mzima ulimwamini. Mtu akitaka kujua kama maharage yameshakauka vya kutosha kuwekwa ghalani, alimletea yeye ayang'ate. Maziwa yakisingiziwa kutiwa maji, alionja yeye, na akisema yametiwa basi yametiwa. Mimi alinitazama tu. Nilipika, akala, akashukuru Mungu, hakusema lolote kuhusu chakula. Mwezi wa tatu ulipofika nilikuwa na njaa ya sifa kuliko ya chakula.

Ndipo mdomo wangu ukaniponza. Wifi yangu wa mwisho alikuwa anajiandaa kupata kipaimara, na jioni moja wakizungumza habari za sherehe nilisema mbele ya wageni kwamba nitaoka keki. Si andazi kubwa, nilisema, keki yenyewe, ya viungo, kama za Katesh. Mama mkwe akasema, "Tutaona." Lilikuwa neno la kawaida lakini mimi nililala nalo.

Vifaa nilikuwa navyo. Baba alikuwa amenipa nusu debe ya ngano, mojawapo ya zawadi zake za mwisho kutoka yale mashamba kabla hayajafungwa na watu kurudishwa makwao. Na yule mama wa dukani, siku ya kuniaga, alinifungia viungo vizima kwenye kitambaa: iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga mbili, tangawizi kavu. Alinionya nisivisage mpaka siku ya kuoka ikaribie, kwa sababu kiungo kikishasagwa kinaanza kufa. Shida ikawa ni wapi pa kuvisagia. Kinu cha nyumbani kilikuwa kikubwa, cha kutwangia mahindi ya makande, na nilipomuuliza mama mkwe kama naweza kutwangia kitu chenye harufu alisema kinu hakisahau. Hakunikataza kwa ukali, lakini ilitosha. Nami badala ya kuomba kwa jirani, nikatafuta akili.

Akili niliyoipata ni hii: nichanganye viungo vizima ndani ya ngano, nipeleke mashineni, vitoke pamoja. Nani angejua? Ngano ingesagwa, viungo vingesagwa, nami ningerudi na unga wa keki uliokwisha kutiwa kila kitu. Nilijiona mjanja kuliko yule mama wa Katesh na kinu chake cha shaba. Hata vipimo nilivivunja, kwa kuwa niliona nusu debe ni nyingi na karafuu zilikuwa zimebaki nyingi kitambaani. Nikazimimina zote.

Mashine ilikuwa moja tu upande wetu. Mwenyewe alitoka Dongobesh, wa familia ya biashara, Mwislamu, mtu wa makamo aliyekaa peke yake kwenye chumba cha nyuma na kwenda kwao Ijumaa. Wote tulimwita Bwana Mashine. Kabla yake wanawake walibeba mahindi mpaka Mbulu mjini au walisaga kwa jiwe, na alipoifunga ile mashine walimbariki. Kando ya mlango aliuza pia vitu vidogo: sabuni, mafuta ya taa, na wakati wa kupanda, mbegu za mahindi zilizotiwa dawa, zile nyekundu, maana sasa kila mtu aliruhusiwa kuuza.

Pale mashineni palikuwa na utaratibu ambao kila mwanamke wa huko aliujua bila kufundishwa. Mahindi yanasagwa kwanza. Ulezi, mtama, ngano na mengineyo yanangoja mwisho wa siku, kwa sababu nafaka inaacha masalia tumboni mwa mashine na hakuna anayetaka ugali wake ubadilike rangi kwa ulezi wa mwenzake. Mimi nilifika foleni ikiwa ndefu, nikaweka debe langu nyuma kabisa. Lakini nilikuwa bibi harusi bado. Mwanamke mmoja akageuka akacheka, akasema nipishwe, mama mkwe wangu anahesabu hatua zangu. Wengine wakadakia. Debe langu likapitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka mbele. Kazi yangu pale ilikuwa kusema hapana, hii ni ngano, nitangoja. Nilitabasamu nikainamisha kichwa kama bibi harusi mwenye adabu.

Bwana Mashine alimimina. Ngurumo ile haikuruhusu mtu kusikia mwenzake, na uso wake ulikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Alinitazama mara moja, akatazama ndani ya mdomo wa mashine, akaendelea kumimina. Mimi nikaona amenitazama kwa sababu ya ngano. Unga wangu ukatoka wa rangi ya udongo mkavu, nikaufunika upesi, nikaondoka. Nyuma yangu mahindi ya yule aliyeniombea nafasi yalikuwa yameshaanza kuingia.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, alikuja huyohuyo mwanamke, jirani wa juu yetu, ameshika bakuli la unga. Alikuwa na wasiwasi. Alisema amesonga ugali watoto wamekataa, una kitu. Akamwomba mama mkwe aonje. Mimi nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Nilisikia harufu kabla bakuli halijafika chini: karafuu, karafuu tupu, zile zote nilizomimina. Mama mkwe akachovya kidole, akaweka ulimini. Kisha akatema.

"Ulimi unakufa ganzi," alisema. "Hii ni dawa ya mbegu."

Anayejua karafuu anajua kwamba inatia ganzi. Ndiyo maana watu huiweka kwenye jino bovu. Lakini nyumba ile ilikunywa chai ya maziwa na sukari, basi, haikuwa na karafuu wala iliki, na mama mkwe alikuwa na sababu ya kuogopa. Ujana wake, mwaka mmoja wa njaa, aliona watu wa nyumba moja wakiugua kwa kula mbegu zilizotiwa dawa. Sasa alikuwa ameletewa unga wenye harufu ngeni, unaoua ulimi, kutoka kwa mtu anayeuza mbegu za dawa mlango huohuo anaosagia chakula. Aliunganisha mambo kama mtu mwenye akili timamu. Aliyekuwa na kipande kilichobaki cha hesabu hiyo ni mimi, na mimi niliendelea kuchambua mboga.

Kesho yake mtaa mzima ulijua. Nyumba nne zilizosaga baada yangu zilimwaga unga wao, jirani yule debe zima, na haukuwa mwaka wa kumwaga unga. Mtoto mmoja akaharisha, kama watoto wanavyoharisha, lakini safari hii kuharisha kwake kulipewa sababu. Mwenyekiti wa kitongoji akaenda mashineni na wazee wawili. Bwana Mashine akasema hajasaga mbegu. Wakamuuliza, basi ni nini? Akasema hajui, pengine mashine inataka kusafishwa. Akaifungua mbele yao, akaifuta, akasaga pumba mara mbili, akaonja mwenyewe ule uliotoka. Watu walimtazama, wakaenda zao na mahindi yao.

Maneno yakafuata. Hawa watu wa biashara, walisema. Hawana shamba hapa, hawana mtoto anayekula hapa, watajali nini? Kuna aliyesema afadhali jiwe la kusagia kuliko mkono wa mtu usiyemjua. Niliyasikia kisimani na nikainamisha kichwa tena, na hapo ndipo aibu ilipoanza kuniuma kweli, kwa kuwa mimi nililelewa na watu hao. Waliosemwa pale ni wale walionikalisha kwenye kigoda na sinia la iliki.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka mingi na jibu si zuri. Niliogopa. Siku ya kwanza niliogopa mama mkwe, siku ya pili nikaogopa mama mkwe na mtaa, na siku ya tatu nikaogopa zaidi kwa sababu ingebidi nieleze na zile siku mbili. Mke mpya huku hupewa jina na watu katika mwaka wake wa kwanza, na jina hilo huzeeka naye. Sikutaka kuwa yule aliyewalisha watu sumu, hata kama haikuwa sumu. Jumamosi mume wangu alipokuja nilimweleza, nikalia. Alikuwa mpole, ni mpole hata leo. Alisema yatapita, hakuna aliyekufa, nisijichome moto kwa kitu kinachozimika chenyewe.

Unga wangu wa ngano niliuficha ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, kopo ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, na bado nililala nikiunusa. Kuoka sikuweza, keki ingenishtaki kwa pua ya kila mgeni. Nikasema mayai yamekosekana. Siku mama mkwe alipokwenda kwenye sala ya jumuiya nikaumwaga wote kwenye shimo la samadi, nikafukia. La kuvunda halina ubani, lakini mimi nilikuwa nimetia ubani kwenye samadi: kwa wiki nzima, jua likipiga, zizi letu la ng'ombe lilinukia Idi. Kipaimara kilifanyika kwa wali na soda. Mama mkwe hakuniuliza habari ya keki, na kutoniuliza kwake kulinichoma.

Ule moto haukuzimika wenyewe. Mwezi haukuisha Bwana Mashine akafunga. Alikaa wiki tatu mlangoni akingoja mtu, akimsalimu kila anayepita na debe kichwani kwenda Mbulu mjini, kisha likaja lori. Nilikuwa barabarani na mzigo wa kuni lilipopita. Mashine ilikuwa imefungwa kwa kamba, na yeye alikaa mbele na dereva akitazama mbele.

Nilivumilia mpaka mnada uliofuata wa Dongobesh. Nilimwambia mama mkwe naenda kununua uzi wa kufumia. Nilimkuta kwenye duka la kaka yake, akipima sukari kwa mizani, uso wake bila unga nikauona kwa mara ya kwanza ulivyo: mweusi, mwenye mikunjo, mzee kuliko nilivyodhani. Nikamwamkia. Nikangoja wateja watoke. Kisha nikasema, bila kupumua, kwamba ilikuwa ngano yangu, ilikuwa viungo vya keki, na kwamba nilinyamaza.

"Najua," alisema.

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia.

"Mama, mimi nimezaliwa kwenye duka la viungo. Nilimimina kwa mikono yangu. Karafuu zilikuwa nyingi mno."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema alipoulizwa, kwa nini alisema hajui. Alifunga mfuko wa sukari, akaukunja mdomo, akaufunga kwa uzi. Alisema angewaambia ni viungo, wangeuliza ni vya nani. Foleni nzima ilikuwa imeona debe lililotangulia.

"Mashine ikipotea nitatafuta nyingine," alisema. "Wewe ulikuwa na miezi mitatu pale. Ungepoteza nyumba, ungenunua wapi nyingine?"

Hakusema kwa uchungu. Aliniambia nirudi nyumbani, nisizungumze tena jambo lile, yameshapita, mashine ameshapata wa kuinunua. Alinipa na peremende za watoto, nami sikuwa na mtoto. Nilipanda gari la kurudi nikiwa nimepewa ruhusa ya kunyamaza maisha yangu yote, na aliyenipa ni yule niliyemuumiza. Nilitamani angenitukana. Njia nzima nililia, na mwanamke aliyekaa kando yangu akanifariji akidhani nimetoka msibani.

Siku nne nilikaa na ruhusa ile. Siku ya tano tulikuwa tunachambua maharage, mimi na mama mkwe, jamvi moja, na nikamwambia. Nilimwambia yote: kinu, ngano, foleni, karafuu, samadi, Dongobesh, na maneno ya Bwana Mashine kama alivyoyasema. Sikumwangalia. Nilisikia maharage yakiendelea kudondoka kutoka vidoleni mwake, halafu yakaacha.

Niliwaza nguo zangu zitaingia kwenye sanduku lile moja, na kwamba gari la Katesh linapita asubuhi.

"Wewe ulinyamaza," alisema mwishowe. "Mimi nilisema. Ni mimi nilisema sumu."

Nikaanza kumwambia kwamba hakujua, kwamba kosa ni langu. Akanyanyua mkono nikome. Alisema watu hawakuacha mashine kwa sababu ya harufu, waliacha kwa sababu yeye alitema. Hakuonja mara ya pili, hakwenda kumuuliza mtu, hakumwuliza hata mke wa mwanawe aliyetoka mashineni siku ileile na aliyekuwa amekaa mlangoni. Alisema tangu zamani watu wanamletea vitu aonje, na kwamba mtu akionjeshwa sana anasahau kuuliza. Kisha akarudi kwenye maharage. Siku mbili hakunisemesha, na sikujua kama hasira ile ni juu yangu au juu yake.

Jumapili baada ya misa alisimama nje ya kanisa pale wanawake wanapokusanyika. Hakuniita. Alisema kwa sauti yake ileile isiyopanda kwamba unga haukuwa na sumu, ulikuwa na viungo vya keki vya mke wa mwanawe, na kwamba yeye ndiye aliyewapotosha. Wengine walicheka, kicheko cha watu waliochoka kubeba madebe mpaka mjini. Wengine hawakucheka. Jirani wa juu, yule aliyeniombea nafasi kwenye foleni, alinitazama mpaka nikainua macho, akasema anataka debe lake. Jioni nilimpelekea debe la mahindi kutoka ghala letu. Alilipokea na kufunga mlango, na ilichukua mvua mbili kabla hajanisalimu vizuri. Jina nililoliogopa nililipata. Kwa miaka waliniita Mama Karafuu, kwanza kwa ubaya, baadaye kwa utani, na sasa wajukuu wa watu wale wananiita hivyo bila kujua lilitoka wapi.

Mashine haikurudi. Ilikuwa imeshauzwa kwa mtu wa bonde la chini, na sisi tulibeba mahindi kichwani mwaka mzima mpaka mtu mwingine alipoleta nyingine. Huo ndio ukweli, na sitaki kuupaka sukari.

Siku ya mnada uliofuata baada ya Jumapili ile mama mkwe alivaa nguo za kanisani, akajifunga shuka lake jipya, akaniambia nitangulie kusimamisha gari. Hakuwa amefika Dongobesh kwa miaka. Tulipofika dukani palikuwa na wateja wawili, na safari hii hakungoja watoke. Bwana Mashine alimwona, akamtambua, akaacha mizani, akatoka nje ya kaunta kama mtu anavyotoka kumlaki mama mtu mzima. Mama mkwe alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi.

"Shikamoo mama," alisema.

Mama mkwe hakuitikia. Sijawahi, kabla wala baada ya siku ile, kuona mtu mzima wa kwetu akiiacha shikamoo ikae hewani. Wateja wakageuka. Bwana Mashine akatazama chini, akidhani, nafikiri, kwamba tumekuja kugombana.

"Usiniamkie kwanza," mama mkwe alisema. "Nimekuharibia jina. Nilionja chakula chako nikakisingizia sumu, watu wakaniamini kwa sababu ya mvi hizi. Mimi sina mashine ya kukurudishia. Nimekuja useme. Ukiona nastahili, uniamkie. Ukiona sistahili, nitarudi nyumbani hivihivi."

Alisimama akingoja, mikono imeshika ncha za shuka. Bwana Mashine aliinua uso. Macho yalikuwa yamelowa, hakuyafuta. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo mama," alisema tena.

Mama mkwe akaziachia ncha za shuka.

"Marahaba, mwanangu."